Mifagio ya Uwanja wa Kikapu

Mshika ufagio ndiye ajuaye uwanja. Mmewasikia wachezaji wakubwa wakiambiana hivyo huku wakinyang'anyana mifagio, mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa chuoni, nilipokuwa msichana wa rika lenu.

Mvua ya Tukuyu mnaijua. Kila alasiri ilipokatika, sisi wasichana wa timu ya kikapu tuliyasukuma maji nje ya uwanja kwa mifagio. Kisha tuliketi kwenye ngazi, wavulana wakafanya mazoezi kwanza. Sisi tukapata mwanga uliobaki. Hakuna aliyeamuru. Ndivyo tulivyokuta mambo. Saruji ilikuwa na mabonde mawili ambamo maji yalituama, nasi tukayaita kwa majina ya wafagiaji wake: kwa Ikupa, karibu na goli la mashariki, na kwa Subilaga, karibu na la magharibi. Ikupa ndiye mimi.

Siku moja tukiwa bado tunafagia, Mwalimu Mwakalinga alikuja mbio.

"Acheni mifagio. Wageni wa mechi, timu zao zote mbili, ya wavulana na ya wasichana, wamefika leo badala ya kesho, na jioni wanaondoka." Akashusha pumzi. "Mkuu wa chuo amesema timu itakayofungwa haitakwenda mashindano ya kanda."

Wavulana wakaanza. Walizoea uwanja mkavu. Lusajo, nahodha wao, alidunda mpira bondeni ukafia majini, akabaki ameinamisha kiganja akiungoja. Walifungwa.

Ikaja zamu yetu. Nahodha wetu Sekela, msichana wa sauti ndogo, alituambia, "Wapelekeni kwa Ikupa."

Tukawabana wageni, tukawaachia njia moja tu, ile ya bondeni. Mpira waliodunda pale haukuinuka. Tuliuokota, tukapasiana juu kwa juu mpaka golini. Tulipobadilishana magoli, ikawa, "Kwa Subilaga."

"Dada, huyo Ikupa ni nani?" mgeni mmoja aliniuliza akihema. "Mbona simwoni?"

"Umesimama kwake," nikamjibu.

Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa mbele kwa mbali. Wavulana wenyewe ndio walioshuka ngazi wakituimbia, wakambeba Sekela begani na kumzungusha uwanja mzima. Walipomshusha, alikwenda kuokota ufagio wake, kwa mazoea tu. Lusajo akamfuata.

"Mlijuaje, Sekela?"

"Tunafagia kila siku, kaka."

Tukadhani Sekela amemaliza, maana hakuwa mtu wa maneno mengi. Kisha akainua uso.

"Na sisi tunataka kuanza mazoezi kwanza. Tangu tujiunge na timu tunataka. Ni mimi tu niliyeshindwa kulisema."

Lusajo aliwageukia wenzake. Hakuna aliyepinga. Akanyoosha mkono.

"Nipe huo, nami nijifunze," akasema. "Mshika ufagio ndiye ajuaye uwanja."