Mbeleko ya Sikudhani na Machela ya Jumbe

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa gani hiyo, ya watu walioshiba mihogo? Tuanze upya. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji ambacho jina lake silitaji, maana wajukuu wa watu wake wamo humu humu wananitazama. Kijijini hapo aliishi mama mmoja aliyeitwa Sikudhani, na mwanawe wa pekee, Mhina. Mhina alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa na meno yote, maneno yote, na matusi mawili matatu aliyoyaokota kisimani. Hata hivyo, kila asubuhi Sikudhani akienda kondeni alimweka mwanawe mgongoni, akamzungushia mbeleko, akafunga fundo kifuani, wakaenda zao.

Sisemi mtoto alikuwa mwepesi. Alikuwa mzito kama gunia la mpunga mbichi, na muwa alikuwa akiutafuna huko huko juu, maji yake yakimchuruzika mama shingoni. Lakini njia ya kondeni ilikuwa ndefu, nyasi zilimpita mtu mzima kimo, na mwendo wa mtoto wa miaka mitatu mnaujua: hatua tano, kisha anachuchumaa kutazama siafu. Sikudhani hakuwa na mwana mwingine wa kumfanyia majaribio.

Siku moja njiani akakutana na Kuku.

"Shoga," Kuku akasema, "hilo jitu lililoko mgongoni ni lako? Wangu wakianguliwa asubuhi, jioni wanaparua wenyewe."

"Uliangua wangapi?" Sikudhani akamuuliza.

"Kumi na wawili."

"Wamebaki wangapi?"

Kuku akakumbuka kwamba ana kazi jalalani.

Mbele kidogo akakutana na Mbuzi. "Jirani, utavunjika mgongo," Mbuzi akasema. "Mwanangu mimi alisimama hata kitovu hakijakauka."

"Yuko wapi sasa?"

"Alichukuliwa kwenda harusini," Mbuzi akasema, akitafuna polepole. "Hajarudi."

Mbele zaidi akamkuta Fisi, amekaa kando ya njia, amevaa uso wa huruma. "Mwanangu," Fisi akasema, "unamharibu mtoto. Mtoto aachwe atembee. Aachwe nyuma kidogo. Aachwe peke yake kidogo. Hivyo ndivyo anavyokomaa."

"Wewe unawapenda waliokomaa?"

"Mimi sichagui," Fisi akasema.

Sikudhani akakaza fundo, akapita. Fisi akaona mambo hayaendi. Akafunga safari mpaka kwa Jumbe, na Kuku na Mbuzi wakamfuata wawe mashahidi wake. Tazameni akili hizo, na tazameni walikuwa wakifuatana na nani.

Walimkuta Jumbe Semboja ndani ya machela. Machela, kwa msioijua, ni kitambaa kinene kinachoning'inizwa kwenye mti mrefu. Wanaume wanne wanautia mti begani, na mkubwa analala humo. Jumbe alikwenda shambani kwa machela. Alikwenda barazani kwa machela. Alikwenda chooni kwa machela, wabebaji wakamngoja nje.

"Jumbe, kijiji chako kinalea wavivu," Fisi akasema. "Kuna mtoto ana meno, na bado anabebwa."

"Uvivu," Jumbe akasema, akigeukia ubavu wa pili ili amsikie vizuri, "ndio unaotumaliza."

Wahenga walikwisha kutwambia kwamba nyani haoni kundule. Jumbe akaamuru mbiu ipigwe, na ile pembe ikalia kijiji kizima: mwenye meno na atembee, nguo yoyote itakayokutwa imembeba mwenye meno itachomwa moto. Na kwa desturi ya kijiji kile, neno lililotangazwa kwa mbiu lilimfunga kila mtu, na halikufutwa ila kwa mbiu.

Kesho yake Sikudhani akaenda kondeni amemshika mwanawe mkono, mbeleko ameifunga kiunoni. Nyuma yao ikaja machela, maana Jumbe alitaka kujionea amri yake ikifanya kazi. Mbele ya wabebaji alikuwa Shekue, ambaye bega lake lilikuwa limeota sugu kubwa kama yai.

Mhina akaenda hatua tano, akachuchumaa. Akaenda tano nyingine, akachomwa na mwiba. Akaenda tano nyingine, akainua mikono miwili. "Mama, nibebe."

"Tembea, baba."

"Nibebe."

Sikudhani akatazama nyasi za kando ya njia. Zilikuwa zikitikisika na upepo haukuwepo. Ndani yake akaona macho mawili. Fisi alikuwa amekuja kumwangalia mtoto akikomaa.

Sikudhani akamvuta mwanawe karibu. Hakuwaza Jumbe wala moto. Alifungua mbeleko kiunoni, akamtupa mwanawe mgongoni, akafunga fundo.

"Mkamateni," Jumbe akasema kutoka machelani. "Mbeleko ichomwe."

"Shikamoo, Jumbe," Sikudhani akasema. "Ichomwe, sikatai. Lakini nina swali kwa kaka yangu Shekue. Kaka, huyo mliyembeba nyinyi, ana meno?"

Shekue alikuwa hajawahi kuulizwa kitu tangu aanze kazi ile. Akageuka, akachungulia machelani. Jumbe alikuwa ameubana mdomo wake kama mlango wa ghala.

"Jana usiku alikula ubavu wa mbuzi," mbebaji wa nyuma akasema. "Na mifupa."

"Basi na sisi tumevunja amri," Shekue akasema kwa huzuni ambayo mimi siiamini.

Wakamteremsha Jumbe taratibu, kwa heshima zake zote. Wakaikunja machela ili wakaichome, wakashika njia ya kurudi kijijini, Sikudhani katikati yao.

Jumbe akasimama. Miguu ile ilikuwa na miaka saba haijaonana na njia. Akaenda hatua tano, akakaa chini kupumua. Hapo Fisi akatoka nyasini. Akamtazama Mhina, yuko juu, katikati ya wanaume wanne wenye mti mkononi. Akamtazama Jumbe, mnene, peke yake, nyuma. Akachagua.

"Polepole, baba," Fisi akamwambia kwa upole. "Usiwasumbue wenzako. Mtu akiachwa nyuma kidogo ndipo anapokomaa."

"Amri nimeifuta," Jumbe akapiga kelele.

"Neno la mbiu hufutwa kwa mbiu, Jumbe," Shekue akajibu bila kugeuka, "na mbiu iko nyumbani. Jikaze, si mbali."

Jumbe Semboja, mwenye kijiji, akainua mikono miwili juu. "Nibebeni," akasema, na machozi yakamtoka.

Wabebaji wakacheka mpaka mti ukawaponyoka. Sikudhani hakucheka. Alikuwa na hasira naye, tena alitamani Fisi amle japo mguu mmoja. Lakini mikono ile iliyoinuliwa alishindwa kuipa kisogo, aliizoea mno.

"Mbebeni," akasema. "Mtu akiogopa hahesabiwi meno. Kama ni kuchoma, zichomwe nguo zote mbili."

Wakarudi wakambeba, wakinung'unika. Fisi akaingia nyasini akilaani malezi ya siku hizi. Jioni ile ile mbiu ikalia tena: mwenye mgongo wake ambebe amtakaye. Kuku na Mbuzi wakawaambia watu kwamba wao walijua tangu mwanzo.

Sasa mtaniuliza, Mhina alibebwa mpaka lini? Msimu uliofuata, asubuhi moja, walikuwa katikati ya njia akaona panzi. Akafurukuta, akateleza chini, akamkimbiza. Kesho yake hakuomba kubebwa, wala kesho kutwa. Sikudhani alikwenda kondeni mgongo ukiwa mwepesi, akalia njia nzima, na wala hakuna aliyemfukuza mtoto mgongoni.

Na Jumbe je? Jumbe hakuteremka mpaka walipomfikisha kaburini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kubebwa mpaka kitandani amwite mama yake. Mgongo wangu umechoka.