Bi Nguchiro Anunua Gari kwa Bwana Kiboko

Hapo kale sana, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kufungua maduka, aliishi mkunga mmoja aitwaye Bi Nguchiro. Alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa miguu, lakini wajawazito wake walikaa mbali. Masika moja alifika kwa Bi Digidigi amechelewa, akakuta mtoto amezaliwa nyasini, mvua inamnyeshea, anatetemeka tititi. Mtoto alipona, ila tangu siku hiyo Bi Nguchiro hakuwa na raha. Akaamua kununua gari.

Sasa sikilizeni. Yadi ya magari ilikuwa moja tu, ya Bwana Kiboko, na Bwana Kiboko hakupunguza bei. Mteja akinung'unika, yeye alikwenda kusimama langoni, akalijaza lango lote. Mteja hakutoka mpaka akubali.

Bi Nguchiro akachagua kigari cha bluu. Kiboko akataja milioni sita. Nguchiro akasema anazo nne, akamweleza habari za mtoto wa Digidigi. Kiboko akapiga mwayo, kisha akaanza kujisifu: siku hizi hali chakula cha jioni, amepungua mpaka suruali zinamvuka. Karani wake, Pundamilia, akainamisha kichwa asionekane akicheka.

Nguchiro aliliona hilo. Akaomba kulijaribu gari. Kiboko, ambaye hakumwamini mtu na funguo zake, akasema lazima naye apande.

"Karibu sana, baba," akasema Nguchiro. "Na karani aje, awe shahidi wetu."

Kiboko akaingia. Gari likadidimia, pwaa. Pundamilia akajibana nyuma. Barabara ya tambarare waliipita vizuri, kisha Nguchiro akakata kona kuelekea kilimani. Gari likakohoa, koh, koh, koh, likapanda kidogo, likasimama, likaanza kurudi nyuma polepole.

Nguchiro akavuta breki. "Bwana Kiboko, gari lako halina nguvu."

"Gari ni zima kabisa."

"Basi tumelizidishia uzito. Mimi ni hivi unavyoniona, na karani ni mbavu tupu. Sasa niambie, baba, tatizo ni gari au ni mwili wako?"

Kiboko akatazama mbele. Nyuma yake alisikia Pundamilia akishusha pumzi taratibu, na alijua kwamba atakalolisema sasa litafika sokoni kabla yao.

"Injini," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Imechoka kidogo."

Nguchiro akasikitika naye, akauliza kama injini iliyochoka huuzwa milioni sita. Kiboko akashuka hadi tano. Nguchiro akasema labda wapime tena, safari hii mwenye gari akiwa ameshuka, ili wajue hakika.

"Nne," akasema Kiboko upesi. "Chukua, na maneno haya yaishe."

Pesa zikatolewa, risiti ikaandikwa juu ya goti la Pundamilia. Kiboko akashuka, akidai kwamba anapenda kutembea. Kigari kikainuka, kikanguruma vruuum, kikapanda kilima bila hata kukohoa, kikapotelea upande wa pili. Kiboko akabaki amesimama katikati ya vumbi, ameingiza tumbo ndani.

Wanangu, anayejidanganya mwenyewe humrahisishia kazi yule anayetaka kumzidi akili.