Asubuhi Moja Kwenye Kiti cha Mwalimu Singano

Hapo zamani, si ile zamani ya wafalme na majitu, bali hii ya karibu tuliyokuwa tukianika betri za redio juani zipate nguvu ya siku moja zaidi, palikuwa na mji mdogo milimani uitwao Kwembago. Kwembago kulikuwa na baridi, kulikuwa na viazi, na kulikuwa na Mwalimu Singano.

Mwalimu Singano alikuwa amestaafu kufundisha, lakini kusahihisha watu hakustaafu. Kila asubuhi, saa moja kamili, aliketi kwenye kiti chake katika chumba kidogo cha redio ya mji, kiti cha mbao chenye mto alioushona mkewe, akasema na bonde zima. Alianza na siasa, akaja kwenye mila, akamalizia na mpira.

Kwenye siasa alisema, "Zamani kiongozi aliombwa. Siku hizi anaomba yeye, tena kwa spika kubwa mpaka kuku wanaacha kutaga."

Kwenye mila alisema, "Mtoto asiyeamkia wakubwa ni nyumba isiyo na mlango. Na bi harusi wa siku hizi anacheza kuwashinda waalikwa! Zamani aliinamisha kichwa mpaka shingo ikamuuma."

Kwenye mpira alisema, "Timu yetu haifungi mabao kwa sababu wachezaji wanafikiria nywele zao. Na wasichana waacheni kabisa. Msichana na sufuria, mvulana na mpira, ndivyo dunia ilivyokaa sawa."

Watu walimpenda. Hata waliombishia walimpenda, maana akifa mtu asiye na ndugu, Mwalimu aliwaita watu hewani waende kuzika, nao wakaenda. Tena alikuwa na ahadi yake, aliyoirudia kila Ijumaa: "Mimi si bendera ya kufuata upepo. Atakayenifanya nibadili kauli yangu hapa hewani, kwa akili yangu timamu, nitampisha kiti hiki asubuhi moja. Mtu mmoja, asubuhi moja, aseme atakalo, mimi nikae nje kama mgeni."

Miaka kumi na moja ikapita. Walimu wenzake walibishana naye, kiti hakikuhama. Vijana wa bodaboda walibishana naye, kiti hakikuhama. Diwani mwenyewe alikuja akabishana naye saa nzima, akatoka anafuta jasho katika baridi ile. Kiti hakikuhama.

Sasa Kwembago palikuwa na timu ya wasichana, jina lake Nyuki. Walikuwa kumi na wanne. Baba mmoja alisikiliza redio, akamtoa binti yake. Baba wa pili alisikiliza redio, akamtoa wake. Wakatolewa hivyo mmoja mmoja mpaka wakabaki saba. Na kwa sheria za mpira, timu yenye wachezaji chini ya saba haichezi.

Golikipa wao alikuwa Mwanahamisi, binti wa miaka kumi na sita, mwembamba, mwenye mikono mirefu. Mwanahamisi hakubishana na Mwalimu. Alinunua kadi ya salamu, akaandika, akaitia kwenye boksi la redio.

Mnajua kadi za salamu zilivyokuwa. Mwalimu alikuwa na mwiko wake: kadi ya salamu ni amana, haichaguliwi, husomwa yote, iwe ya tajiri au ya mchunga mbuzi. Basi Jumatatu akaifungua, akaisoma kwa sauti yake nzito:

"Mimi Mwanahamisi, golikipa wa Nyuki, namsalimu Mwalimu Singano na mkewe, na wagonjwa wote wa zahanati. Ujumbe: Jumamosi tumeshinda mawili kwa moja. Mguu uliosema hewani unakuuma unaendeleaje, Mwalimu?"

Mwalimu akakunja uso. "Haya, mjumbe hauawi," akasema. "Mguu unaendelea vizuri, ahsante."

Wiki ya pili kadi ikaja: wametoka sare. Akaisoma. Wiki ya tatu kadi ikaja: wamefungwa moja bila. Akaisoma, kisha akaongeza, "Wamefungwa kwa penalti, ambayo kwa maelezo haya mimi naona haikuwa penalti." Wiki ya tisa mvua ilibomoa daraja, kadi haikufika. Mwalimu alipekua lile boksi mara mbili, akasema hewani, "Sasa tutajuaje walivyocheza?" Akakohoa. "Nauliza kwa niaba ya wasikilizaji."

Kwembago nzima ikacheka mpaka ng'ambo ya bonde. Mtu aliyesema wasichana wasicheze ndiye aliyekuwa mtangazaji wao, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui.

Nyumbani Mwalimu alikuwa na mkewe, Bi Kaje. Bi Kaje naye hakubishana. Mumewe akisema siasa imeharibika, alijibu, "Kweli, Baba Hoza." Akisema bi harusi wamezidi kucheza, alijibu, "Kweli, Baba Hoza," huku akikumbuka alivyocheza yeye siku ya harusi yao. Lakini kila Jumamosi alichemsha magimbi, akajitwika sufuria, akawapelekea Nyuki, kwa sababu aliwahi kuona watoto wale wakicheza na njaa. Alimwambia mumewe, "Naenda kuwaona watoto." Naye mumewe hakuwahi kuuliza watoto gani.

Jumamosi ya nusu fainali, Bi Kaje alishika kiuno. "Baba Hoza, leo mgongo umekataa. Nibebee sufuria hii hadi pale mbele."

"Pale mbele wapi?"

"Pale pale mbele."

Pale mbele palikuwa mwendo wa nusu saa. Mwalimu alibeba, akalalamika, akabeba, mpaka akajikuta kando ya uwanja. Aliposema arudi, mkewe akamwambia, "Na sufuria yangu niiache na nani?" Basi akabaki.

Akawaona saba wakicheza na kumi na mmoja. Akamwona Mwanahamisi akiruka kwenye tope, akiudaka mpira miguuni mwa mshambuliaji wa upande wa pili, na yule mshambuliaji akianguka kifudifudi. Mwanahamisi hakuupiga mpira kwanza. Aliukumbatia kwa mkono mmoja, akainama, akamfuta mwenzake tope machoni kwa pindo la jezi yake, akamuuliza, "Umeumia, dada? Pole."

Mwalimu, ambaye maisha yake yote alikuwa akitafuta vijana wenye adabu, akasogea mpaka kwenye mstari wa uwanja. Kisha watu wakasikia mtu akipiga mfuniko wa sufuria na kupaza sauti, "Amka, mwanangu! Piga mbele! Piga mbele!"

Nyuki wakashinda moja bila. Lakini Jumapili baba mwingine akamtoa binti yake. Wakabaki sita. Fainali ilikuwa Jumamosi inayofuata, na sita hawachezi.

Jumatatu Mwalimu akaja redioni akiwa mpole kupita kawaida. Siasa akaivuta. Mila akaivuta. Alitaka saa iishe kabla ya mpira. Simu ikalia. Alikuwa Kihiyo, muuza nyama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kihiyo. Nyama ipo leo?"

"Nyama ipo. Juzi nilikuona uwanjani, umeshika mfuniko wa sufuria, unaupiga kama ngoma ya mavuno. Nauliza tu: ile kauli yako ingalipo?"

Mwalimu akainua kidole.

Kidole hicho nikieleze. Nyuma ya kioo aliketi Bi Asnati, fundi mitambo. Kwa miaka kumi na moja, Mwalimu akisahau jina alikuwa akiinua kidole, na Bi Asnati akaweka wimbo. Sauti ikimkatika anaposoma taarifa za msiba, kidole, na Bi Asnati akaweka wimbo. Hakuna msikilizaji aliyewahi kujua. Alikuwa amemsitiri kama mtu anavyomsitiri baba yake.

Siku hiyo alikiona kidole. Wimbo ulikuwa tayari. Bi Asnati akaiondoa mikono yake kwenye mitambo, akaiweka mapajani. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mama aliyemwachia mkono mtoto anayejifunza kutembea.

Hewani kimya. Kwembago watu wakatikisa redio zao. Wengine wakatoa betri, wakaanza kuzing'ata.

Mwisho Mwalimu akasema, "Kihiyo, nilikuwepo. Nilisema msichana na sufuria. Juzi sufuria niliibeba mimi, na haikuniua. Nilikosea. Mpira si wa wanaume peke yao. Naibadili kauli yangu, kwa akili yangu timamu."

Mngedhani mabinti walirudishwa siku ile ile. Wapi! Baba zao walicheka. Mmoja akasema, "Mwalimu kalishwa magimbi." Mwingine akasema, "Kazeeka, masikini." Neno lililowatoa mabinti lilikuwa jepesi kama unyoya, lile la kuwarudisha likawa zito kama jiwe la kusagia. Wakabaki sita.

Ikaja Ijumaa, siku ya kukitoa kiti. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mlangoni mwa redio wakafika watu watatu.

Mwanahamisi akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Kiti nakiomba mimi. Wiki kumi na nne nimekuandikia, ukatujua mmoja mmoja kabla hujatuona. Kama si kadi zangu, ungefika uwanjani ukaona vitoto vinavyochafuka tope. Kesho ni fainali na tuko sita. Wale baba hawakusikii tena wewe. Nataka wanisikie mimi, niwaite kwa majina, mmoja tu anirudishie mwenzangu."

Bi Kaje akaiweka sawa kola ya binti huyo, kisha akasema, "Kiti nakitaka mimi, Baba Hoza. Kadi zilikufanya uulize matokeo, hazikukutoa nyumbani. Miguu yako niliitoa mimi. Miaka thelathini na minane nasema 'Kweli, Baba Hoza.' Nataka saa moja ya kusema nionavyo. Mtasema mimi sina haraka. Nina miaka thelathini na minane ya haraka."

"Na ule mgongo?" Mwalimu akauliza.

"Mgongo ulipona tulipofika."

Bi Asnati alikuwa amewafunulia mwavuli wote wawili, yeye mwenyewe analowa. Akasema, "Mwalimu, kiti nakiomba mimi. Walikubadilisha moyo, hilo kweli. Lakini moyo haukuwa hewani, na ahadi yako ilisema hewani. Jumatatu ulikuwa unakimbia, na mlango wa kukimbilia nilikuwa nao mimi. Nikaufunga, nikijua unaweza kunifukuza kazi. Mama yangu yuko kule ng'ambo ya bonde, hajaamini mpaka leo kwamba nafanya kazi redioni, maana hajawahi kunisikia. Masikio yake yanaziba. Mganga wa zahanati amesema mwezi huu bado atasikia, mwezi ujao hajui."

Hapo wakaanza kutaniana, maana walikuwa wakipendana. Bi Kaje akamwambia Bi Asnati, "Wewe mwenzangu unaomba zawadi ya kutofanya kazi. Hata mimi nisipopika leo, nitadai zawadi." Bi Asnati akamjibu, "Shangazi, na wewe unaomba zawadi ya uongo wa mgongo." Wakamgeukia Mwanahamisi. Bi Kaje akasema, "Na huyu mjukuu wangu hakumwomba Mwalimu hata mara moja abadilike. Alikuwa anamuuliza mguu." Mwanahamisi akacheka, akasema, "Bibi, ndiyo maana aliendelea kusoma."

Mwalimu akawatazama. Bi Asnati akasema, "Basi tugawane, kila mtu dakika ishirini."

"Nilisema mtu mmoja, asubuhi moja, na nilisema hewani," Mwalimu akajibu. "Wiki hii nimeshabadili kauli moja. Mkinibadilisha na ya pili, kesho nitaamka mimi ni nani?"

Akauchukua ule mto, akaukung'uta, akaurudisha kitini. Akatoka nje kwenye manyunyu kama alivyoahidi, akawashikia mlango. Saa ya ukutani ilisema imebaki dakika moja. Ng'ambo ya bonde mama yake Bi Asnati aliiweka redio karibu na sikio lake zuri. Wale baba wanane walikuwa wanakunywa chai. Mwanahamisi, Bi Kaje na Bi Asnati walikitazama kiti, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsukuma mwenzake, wala aliyekuwa na moyo wa kurudi nyuma.

Haya, ninyi mliosikiliza mpaka hapa na uji wenu umepoa: yule aliyemfanya Mwalimu awajue, yule aliyemfikisha uwanjani, na yule aliyemnyima pa kukimbilia. Kiti ni kimoja. Je, nani kati yao alistahili kukikalia?