Kidani cha Riziki

"Kibonyeo cha fedha kina mwenyewe." Ndivyo alivyowaambia jirani yetu asubuhi hii, mlipotaka kumpelekea fundi sinia lake lililobonyea, akawanyang'anya na kuwafungia mlango. Mmerudi hapa mmenuna, mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni, na wewe acha kuchambua ukindu wa mkeka wangu. Methali hii ina mji wake na siku yake, na ina mwari aliyetoka mbio na liwa usoni. Ilianza hivi.

Mjini Kitongoni palikuwa na msichana aitwaye Salha, aliyebakiza siku tatu aolewe. Kwa desturi ya mji huo mwari huwekwa ndani siku saba. Haoni jua wala haonwi na mtu wa nje, na kutwa kungwi wake humsugua liwa na kumfundisha mambo ambayo nyinyi mtayajua wakati wenu ukifika. Nyumba nzima ilikuwa ikichemka. Wanawake walipepeta mchele uani huku wakitupiana vijembe, na Salha alikuwa na furaha hadi chakula hakipiti, maana kijana aliyeposa ndiye ambaye yeye mwenyewe alimtaka, jambo ambalo siku hizo halikumfika kila msichana.

Kitu alichokingoja kuliko vyote ni kukivaa kidani cha mama yake. Mama huyo, Riziki, alifariki Salha akiwa hajatimiza siku arobaini, akamwachia bamba la fedha la duara, kubwa kama kiganja cha mtoto, lenye mkufu wake na nakshi za yasmini ukingoni. Katikati ya bamba palikuwa na vibonyeo vinne. Shangazi yake Tumu, ndiye aliyemlea, mwanamke mwenye roho nyeupe na mikono isiyotulia, siku zote alidhani kidani kiliwahi kuanguka sakafuni.

Hakikuanguka. Nyanya yake Salha, kabla ya kufa, alimwita peke yake akamweleza. Kitongoni ilikuwa aibu mwanamke kusikika akilia kwa uchungu wa kuzaa. Siku Riziki aliposhikwa, wageni wa mumewe walikuwa wamekaa sebuleni, ukuta mmoja tu kati yao. Basi alikitia kidani kinywani akakiuma, akauma mpaka Salha akatoka. Fedha ilikuwa safi na laini, ikayashika meno. Picha ya Riziki haikuwepo, nguo zake ziligawiwa zikaisha, na wala hakubaki mtu wa kusimulia sauti yake ilikuwaje. Yalibaki meno hayo. Kila alipotaka kulala Salha aliweka vidole vyake hapo, na siri hiyo hakumpa mtu yeyote, kwa kuwa katika mali yote ya mama yake hiyo ndiyo aliyoirithi.

Sasa siku hiyo shangazi Tumu alishindwa kuunyamazia wema wake. Aliingia chumbani akicheka peke yake, akasema asiulizwe kidani kiko wapi, kisha akasema mwenyewe kabla hajaulizwa. Kilikuwa kwa Fundi Shekuwe, sonara wa mtaa wa chini, tangu jana. Alikuwa akivinyoosha vibonyeo vyote kidani kiwe kama kipya, ili wakwe wasipate la kusema.

Salha alilivuta buibui la kungwi lililotundikwa mlangoni, akajitupia kichwani, akatoka mbio pekupeku.

Jamani, mji ulisimama. Mwuza kahawa alijaza kikombe mpaka kikafurika, macho yakiwa kwa mwari mwenye uso wa manjano anayepita kama mshale. Nyuma yake kungwi, kichwa wazi kwa kuwa buibui lake limekwenda, na nyuma ya kungwi shangazi Tumu, na nyuma ya shangazi wapepeta mchele na nyungo zao mkononi. Salha hakugeuka. Alihesabu moyoni: kimoja, viwili, vitatu, vinne, na kila hatua aliogopa kwamba kimoja kimekwisha.

Fundi Shekuwe hakuwa mtu wa kulipua kazi. Fedha iliyobonyea hainyooshwi bila kupita motoni, kwani hupasuka. Hutiwa kwanza kwenye makaa mpaka iive wekundu, ikalegea, ikapozwa majini, ndipo igongwe polepole juu ya fuawe. Kibonyeo cha kwanza alikinyoosha jana, akaridhika. Leo alikuwa amevukuta moto avimalize vitatu vilivyobaki. Salha alipofika mlangoni kidani kilikwisha kulazwa juu ya fuawe, kimebanwa kwa koleo, na nyundo iko juu.

Alipeleka mkono wake chini ya nyundo.

Fundi aliizuia ikiwa imebaki upana wa kidole. Alipomtambua mwari alitazama ukutani kwa heshima.

"Ningekuvunja vidole, mwanangu."

"Hayo ni meno ya mamangu, babu."

Akamweleza yote, pumzi zikimkatika, na shangazi Tumu, aliyekuwa ameshafika, akayasikia akiwa mlangoni. Shangazi aliketi chini palepale kwenye majivu na kanga yake mpya, akalia kwa majuto. Salha naye alilia, akamwomba fundi akirudishe kile cha kwanza.

Fundi Shekuwe alikigeuza kidani kwa koleo.

"Kugonga kibonyeo naweza," alisema. "Naweza hata kukifananisha, usikijue. Lakini hicho kitakuwa changu, hakitakuwa cha mama yako. Kibonyeo cha fedha kina mwenyewe."

Basi hakukigusa tena kwa nyundo. Alikichovya kwenye maji ya ukwaju kukitoa weusi wa moto, akaunga uzi mwembamba wa fedha kuzunguka vile vitatu, kama mtu azungushiavyo ua bustani yake. Pale palipokuwa na kile alichokinyoosha alipaacha patupu. Alisema ni kosa lake, na libaki likionekana.

Habari ya mwari aliyekimbia mitaani ilifika kwa wakwe kabla liwa halijakauka. Siku ya harusi Salha alikaa juu ya kitanda cha maonyesho, macho chini, akijua jina lake limeshatafunwa. Bi Barke, mamake bwana harusi, hakuwa mtu wa kumeza neno. Alimsogelea, akakiinua kidani mbele ya wanawake wote.

"Fundi wenu alichoka katikati ya kazi?"

Mwari hajibu mkwe, hivyo Salha aliinama tu. Aliyesimama ni shangazi Tumu, yule yule aliyekipeleka kidani kwenye nyundo.

"Kibonyeo cha fedha kina mwenyewe, dada. Mwenyewe ni Riziki. Sisi tumekuja harusini kwa miguu, yeye amekuja kwa meno."

Bi Barke alitaka kuelezwa, akaelezwa mbele ya wote: uchungu, wageni sebuleni, na kidani kinywani. Alisikiliza mpaka mwisho, naye alikuwa amezaa sita kwa kuuma upindo wa kanga. Aliweka kidole katika kibonyeo kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Halafu aliwageukia wanawake.

"Riziki alinyamaza siku ile ili nyumba yake isiaibike. Leo mpigieni vigelegele mpaka asikie."

Vikapigwa. Vilipigwa hadi wanaume waliokuwa barazani wakadhani nyumba inaungua, na Salha, ingawa mwari hatakiwi kuinua uso, aliuinua, akacheka na kulia pamoja.

Tangu hapo sonara wa Kitongoni hatii kidani motoni kabla ya kuuliza. Watu nao wakalichukua neno lile wakalitumia kwa makovu, kwa viguu vinavyochechemea, kwa tabia za wazee zinazowachosha vijana kama nyinyi. Ukiona palipobonyea, uliza kwanza ni nani aliyeuma. Kibonyeo cha fedha kina mwenyewe.