Sindano ya Mundhiri

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Harrani aliishi fundi mchamungu, Mundhiri bin Wadhahi, aliyejifunza kuunda saa za maji kwa kusoma kitabu cha Myunani mmoja wa kale, bingwa wa hesabu na mitambo. Maji yalidondoka pipani kupitia tundu dogo, boya likapanda, na lilipofika juu kengele ikalia. Jua lisipoonekana, mji mzima ulifuturu kwa kengele hiyo.

Mwaka mmoja, Ramadhani ikikaribia, aliona tundu limeanza kuziba kwa chokaa, akalizibua kwa sindano ya chuma. Mwezi ulipoandama, vumbi likafunika mbingu siku nenda siku rudi. Mkewe, Bi Lubaba, alikuwa mgonjwa hoi, na ruhusa ya kula alikuwa nayo, lakini alikataa katakata. Jioni ya tano, kengele ilipolia, alikisogeza kikombe kando.

"Mume wangu, moyo wangu unaniambia jua bado."

"Kunywa, Bi Lubaba. Maji hayasemi uongo."

Akanywa kwa kumtii. Alfajiri hakuamka.

Siku ya nane Mundhiri alikuwa peke yake darini. Kengele ikalia, watu majumbani wakaanza kula tende, na papo hapo vumbi likapasuka upande wa magharibi. Jua lilikuwa lingali juu ya vilima! Akaikimbilia saa, akalichungulia tundu. Sindano ilikuwa imelipanua tundu, maji yakawa yanakwenda mbio.

Akamweleza rafiki yake mwadhini, huku akilia.

"Watakutafuna, fundi," alisema mwadhini kwa huruma. "Sema kitabu cha yule kafiri ndicho kilichokosea. Keshakufa, hatadhurika."

"Myunani aliandika tundu lisiguswe kwa chuma. Nilisoma, nikajiona najua zaidi. Maiti hana ulimi, ndugu yangu. Nikimsingizia, nitamjibu nini Mola wangu?"

Ijumaa akasimama msikitini, akasema yote. Wapo waliomlaani. Kengele ikashushwa, na hakuna aliyempa kazi tena.

Baada ya Idi, watu walilipa siku zao nane. Mundhiri alilipa zake, kisha akafunga tano za marehemu. Jioni ya mwisho aliweka mbele yake kikombe kile kile, akatazama magharibi mpaka jua likazama lote.

"Sasa, Bi Lubaba," alisema. "Sasa limetua."

Ndipo akanywa.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Ndugu zangu, kukiri kosa hakumrudishi aliyekwenda. Mundhiri alilijua hilo, na bado akasema kweli.