Bia Iliyolala Miaka Saba

Jumamosi ya mwisho ya Julai, saa moja jioni, Ndekirwa wa Marangu, mwenye beberu mmoja tu, alikuwa akila nyumbani kwa shemeji yake Aminieli. Aminieli, tajiri aliyepika bia nyumbani na kuilaza kwenye mapipa, alimtamani beberu huyo.

"Glasi tatu, shemeji," Aminieli alisema katikati ya chakula, akizipanga mezani zikiwa na bia. "Moja ina bia iliyolala miaka saba. Ukiitambua, pipa lake lililobaki ni lako. Ukikosea, Jumamosi ijayo tunamla beberu wako."

Rafiki yao Kundaeli akacheka. "Huyu juzi alisifia siki akidhani ni mvinyo."

"Na nikaomba nyingine," Ndekirwa alikiri. "Nakubali, shemeji. Lakini kwetu mgeni hanywi kabla mwenyeji hajaonja."

"Hilo ni haki yako," Aminieli alisema, akaonja zote tatu.

Ndekirwa akafuata. Alinusa, akafumba macho, akasukutua kama mjuzi. Zote zilikuwa na ladha ya bia.

"Ni hii ya kati," alisema.

Aminieli aliweka kijiko chini. "Nani kakwambia?"

"Wewe, shemeji. Ulimi wangu hautofautishi bia na mchuzi, kwa hiyo nilitazama koo lako. Hizi za pembeni ulizigusa kwa mdomo tu. Hii uliimeza, ukasahau kuirudisha mezani mpaka nilipokohoa."

Kundaeli aliziinua glasi kwenye taa. Mbili zilikuwa karibu kujaa, na ya kati ilibaki robo.

Aminieli aliinuka, akaenda stoo kulitoa pipa.