Siwema na Vyungu Vinavyokimbia

Sogeeni, mniazime masikio yenu. Mwanatumu na mumewe Mbaruku walikuwa na binti, Siwema. Akilia, vyungu hutoka jikoni vikakimbia. Walimpeleka kwa mganga, akalia. Walimfungia ndani, akalia. Walimbembeleza, akalia vilevile.

Siku moja, Mwanatumu akiwa kisimani, likaja zimwi na mtoto mwenye sura ya Siwema, ametulia tuli.

“Tubadilishane,” likasema.

Mbaruku alikuwa hoi kwa uchovu. Akakubali.

Mwanatumu aliporudi, kaa la moto lilimrukia yule mtoto mguuni. Hakulia. Akabomoka, akawa majivu. Mbaruku akaungama. Mama akapiga ukemi, akakimbilia msituni kwa zimwi.

“Nipe mwanangu!”

“Hujamchoka?” zimwi likauliza.

“Nimemchoka.”

“Hatakusumbua tena?”

“Atanisumbua.”

“Basi unamtakia nini?”

“Ni wangu.”

Zimwi likakosa swali jingine, likamwachia.

Akarudi naye mgongoni, analia njia nzima, mawe yakiwafuata. Mbaruku alisimama mlangoni, kainamisha kichwa.

“Mke wangu, nisamehe.”

“Panda juu ushike paa,” Mwanatumu akamjibu, “linaondoka!”

Nami niliwaacha hapo, wote wawili wakiwa wamelishikilia.